Tunachanga kwa Matanga, Mzee Mgonjwa Anangoja

Wasomi wenzangu, ndugu na dada wa Wamaza, Kasongo na Kabambare,

Kuna wazo linalorudi kila mara tunapokutana. Mtu anasimama na kusema: parokia zetu, jumuiya za Kiprotestanti na misikiti zianzishe kasa ya matibabu ya wazee. Kila muumini atoe kidogo kila mwezi, na mzee akiugua, kasa ilipe. Watu wanapiga makofi, mkutano unafungwa kwa sala, na kila mtu anarudi kwake. Mimi pia napiga makofi, lakini kwa mkono mmoja. Leo naandika juu ya ule mkono mwingine.

Niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Sipingi dini kugharamia wagonjwa. Katika kusini ya Maniema, ukiondoa dini kwenye afya, unabaki na nini? Hospitali nyingi na vituo vingi vya nchi hii vilijengwa au vinaendeshwa na makanisa, na Leta yenyewe inavihesabu ndani ya zoni zake za afya. Ninachohoji ni namna tunavyolifikiri jambo hili. Wazo lenyewe ni zuri, ila likianzishwa vibaya litakufa ndani ya mwaka mmoja, na wazee ndio watakaobaki wameshika karte isiyolipa kitu.

Tunajua kuchanga, ila tunachelewa

Hakuna mtu atakayetufundisha kuchanga. Mzee akifariki leo asubuhi, kesho kuna mchele, mafuta, bâche za kuezekea, sanduku, na watu wa kuchimba kaburi. Watoto walio Kindu, Bukavu, Kalemie na Lubumbashi wanatuma kwa simu. Shirika la parokia linapitisha daftari, msikiti unakusanya, majirani wanaleta kuni na maji. Hakuna anayeuliza kama marehemu alikuwa analipa sadaka kila mwezi. Matanga ni deni la wote.

Sasa turudi nyuma miezi sita, mzee huyo akiwa hai na anaugua. Daftari halipiti. Watu wanakuja kumwangalia, wanaleta sukari na sabuni, wanasali, wanaenda. Ukiuliza juu ya dawa, utasikia maneno tunayoyajua wote: "Ni uzee tu ule. Mutu muzee haponaka."

Shangazi yangu alikuwa na tansio, kile wengine wanachokiita presha. Dawa zake zilinunuliwa wiki hii, wiki ijayo hapana, kulingana na nani amepata pesa. Siku moja upande mmoja wa mwili ukalala. Alipakiwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, akafikishwa hospitalini, na kabla ya kitu chochote tukaombwa garanti. Alipopata nafuu, hakuruhusiwa kutoka mpaka fakturi iishe, akakaa pale siku nyingi kama dhamana ya deni lake mwenyewe. Tuliuza mbuzi na magunia ya mpunga. Miezi saba baadaye alifariki. Baada ya matanga nilikaa na karatasi nikapiga hesabu: vile tulivyokula na kunywa katika siku zile vingemnunulia dawa za tansio kwa miaka.

Sikuandika hayo ili mtu atoe pole. Nataka tuone kwamba pesa ipo. Inafika, ila inafika baada ya mtu kuondoka. Kwa hiyo hoja ya "sisi ni maskini" ina ukweli, lakini haielezi yote.

Mfano wa Marekani unaosimuliwa nusu

Wanaotetea kasa ya waumini siku hizi wanapenda kutaja Marekani. Ni kweli, kule kuna vyama vya Kikristo ambamo waumini wanachangiana gharama za matibabu bila kupitia bima. Christian Healthcare Ministries kilianza mwaka 1981 huko Ohio, na Medi-Share mwaka 1993. Mwanachama anatoa mchango wake wa mwezi, na fakturi ya mwenzake inagawanywa. Sheria ya afya ya mwaka 2010 iliwaacha wanachama wa vyama hivyo bila kuwalazimisha kununua bima, mradi chama kiwe kimekuwepo mfululizo tangu mwisho wa mwaka 1999.

Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa. Nusu ya pili ni hii. Kwanza, vyama hivyo vyenyewe vinasema wazi kwamba si bima. Havina sharti la kisheria la kulipa, vinaahidi kushirikiana. Mwaka 2021 kimoja kilichoitwa Sharity kilifilisika, na familia nyingi sana zikabaki na fakturi ambazo zilidhani zimeshalipwa. Pili, mtu anayeingia na ugonjwa wa zamani mara nyingi anawekewa mipaka: angoje miaka kadhaa, au ugonjwa huo usilipwe kabisa, au ulipwe kidogo. Tatu, na hili kwetu ndilo kubwa, Mmarekani akifika miaka 65 anapokelewa na Medicare, mpango wa serikali uliowekwa mwaka 1965. Mzigo mzito wa uzee unabebwa na serikali, na chama cha waumini kinaongezea pale panapobaki.

Kwa hiyo mfumo wa kule unasimama kwa sababu wazee wengi wametolewa kwenye hesabu yake. Sisi tunataka kuuchukua na kuuweka juu ya wazee peke yao, mahali ambapo hakuna Medicare. Ni kama kuazima paa la nyumba ya jirani na kuacha kuta kwake.

Mifano ya karibu yetu

Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kasongo yenyewe imeandikwa katika vitabu vya afya ya umma duniani. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, Timu ya Mradi wa Kasongo, ikishirikiana na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, ilijaribu kupanga afya ya eneo zima: vituo vidogo karibu na watu, hospitali moja nyuma yao, na wakaaji wakishirikishwa katika maamuzi. Mwaka 1981 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Baadaye Zaire yote iligawanywa katika zoni 306 za afya kwa fikra ya namna hiyo hiyo. Mwanafunzi wa tiba huko Ulaya anaweza kulijua jina Kasongo, na mwanafunzi wa Wamaza asijue ni kwa nini.

Lakini tazameni: uchunguzi ule uliojulikana sana ni wa watoto wenye miezi 7 hadi 35. Hilo si kosa lao. Watoto walikuwa wanakufa, na dunia nzima ilikuwa inatazama upande ule. Ila tangu wakati huo mpaka leo, mipango inayofika kwetu inaanza na mtoto na mama mja mzito. Mzee anafika mwisho wa foleni, kama anafika.

Mfano wa pili uko ndani ya nchi yetu, upande wa kaskazini-magharibi, Bwamanda. Mwaka 1986 hospitali ya misheni ya Kikatoliki pale ilianzisha bima ya kulazwa hospitalini. Mambo matatu yaliifanya isimame. Watu walilipa mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, pesa ikiwa mkononi. Familia iliingia nzima, hukuweza kumwandikisha mgonjwa peke yake. Na mgonjwa aliyelazwa alilipa sehemu ya tano tu ya fakturi, kasa ikalipa iliyobaki. Ndani ya miaka michache zaidi ya nusu ya wakaaji wa zoni walikuwa wamejiunga. Nani kati yetu anaweza kunionyesha kitu kingine cha hiari kilichowaunganisha nusu ya watu wa zoni moja ya Kongo?

Hata hivyo, watafiti waliokwenda kupima waliona jambo la kututafakarisha. Walioandikishwa walitumia hospitali kuliko wasioandikishwa, vizuri. Lakini waliokaa karibu na hospitali ndio waliofaidika zaidi. Mtu wa mbali alitoa mchango, ila njia ilimzuia kuja kuutumia. Basi fikirini mzee wa kijiji cha ndani ya Kabambare, magoti yanamuuma, barabara ya matope, na mara nyingine watu wenye silaha njiani. Karte yake itamsaidia nini ikiwa inafanya kazi mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni mbali?

Mfano wa tatu uko Uganda, Kisiizi, wilaya ya Rukungiri. Hospitali pale ni ya Kanisa la Uganda, na mwaka 1996 ilianzisha bima yake. Haikuunda vikundi vipya. Iliwafuata watu katika vikundi walivyokuwa navyo tayari, vinavyoitwa engozi. Engozi ni machela ya kubebea mgonjwa, sisi tungesema kipoyi. Wanakijiji wa milimani walikuwa wamejipanga tangu zamani kubebana mpaka hospitalini na kuzikana. Hospitali ikawaambia: ninyi mnaobebana mabegani, mnaweza pia kubebana kwa fakturi. Msingi ulikuwa ujirani. Watu wa engozi moja wanaweza kusali mahali tofauti, lakini kilima ni kimoja na machela ni moja.

Pale wazo letu linapopungukiwa

Nikiiweka mifano hiyo mbele yangu, naona mapungufu manne katika kasa ya wazee inayopigiwa makofi kwetu.

La kwanza ni hesabu. Kasa yoyote ya wagonjwa inaishi kwa sababu wazima ni wengi kuliko wagonjwa. Ukisema "kasa ya wazee," umekusanya watu ambao karibu wote watahitaji kulipiwa. Chukueni mfano wa kubuni. Parokia ina familia 200, kila moja inatoa franka 1,000 kwa mwezi: hiyo ni franka 200,000. Katika familia hizo kuna wazee 60 wenye tansio, sukari, pumu au magoti, na kila mmoja anahitaji dawa za franka 5,000 kwa mwezi: hiyo ni franka 300,000. Kasa imekufa kabla ya operasheni ya kwanza ya ngiri. Hapa hakuna dhambi ya mweka hazina wala ukosefu wa imani. Ni kujumlisha tu. Dawa ya ugonjwa huo ni kasa kuwa ya wote, kijana na mtoto ndani, na parokia nyingi pamoja na misikiti mingi ikiunganishwa, ili franka ya kijana wa miaka 25 ambaye hajalala hospitalini hata siku moja ikutane na dawa za bibi yake.

La pili ni aina ya ugonjwa. Kasa zetu za dharura zinapenda ugonjwa unaoonekana: mtu kavunjika, mtu kapasuliwa. Ugonjwa wa mzee ni wa kila siku, hauna damu wala kelele. Hauna siku ya kupitisha daftari. Ndiyo maana mipango mingi ya bima za jamii, hata ile ya hospitali za makanisa katika Afrika ya Mashariki, iliogopa magonjwa ya kudumu ikayaacha nje. Kwa mweka hazina ni busara, kwa mzee ni mlango uliofungwa. Kidonge cha tansio kila asubuhi ni rahisi kuliko siku 20 za kitanda baada ya kupooza. Kama kasa yetu italipa kitanda na kukataa kidonge, itakuwa inangoja gharama ikue ndipo iilipe.

La tatu linagusa dini moja kwa moja, na naomba tulisome kwa utulivu. Nani ni "mwenzetu"? Kusini ya Maniema si mahali pa dini moja. Kasongo ilikuwa mji wa Waislamu tangu siku za Tippu Tip, na misheni zikaja baadaye. Leo katika ua mmoja utamkuta babu anaswali Ijumaa, mjukuu anaimba katika kwaya Jumapili, na mkamwana yuko katika kanisa la uamsho. Kasa ya parokia itamlipia nani hapo? Na ndani ya kanisa lenyewe, je, mke wa pili wa mzee mwenye wake wawili, ambaye hapokei sakramenti, yumo au hayumo? Na yule mama mzee ambaye nabii fulani amesema ndiye anayewala wajukuu? Tunajua vizuri ni nani anayetuhumiwa uchawi katika nchi hii: mtoto asiye na wazazi na mzee asiye na mtetezi. Kasa ambayo kadi yake inatolewa na kiongozi wa dini inaweza kumfuta mzee huyo siku ile ile anapohitaji zaidi.

Maandiko yanayosomwa kwetu kila mwaka yameshaligusa jambo hili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, ugomvi wa kwanza unaotajwa juu ya ugawaji ndani ya kanisa la Yerusalemu ni juu ya wajane: wale wenye lugha ya Kigiriki walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema "tuombe tu." Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema wakabidhiwe kazi hiyo. Kwa upande wa Waislamu, Qur'ani imetaja makundi manane ya kupewa zaka, na ndani yake kuna mafakiri, maskini, na wenye madeni. Mzee aliyezuiliwa kitandani kwa sababu ya fakturi ana sifa ngapi kati ya hizo? Sijaona aya inayosema dawa ya tansio lazima ingoje mwezi wa Ramadhani, wala sura inayosema mjane atazamwe siku ya maziko. Kwa hiyo anayesema dini haina la kusema juu ya fakturi ya mzee, hajasoma; na anayesema imani pekee inatosha bila watu saba na daftari, naye hajamaliza sura.

La nne ni ahadi bila mkataba. "Tutasaidiana" ni neno tamu, lakini hospitali hailipwi kwa neno tamu. Tangu Mpango wa Bamako wa mwaka 1987, ambapo mawaziri wa afya wa Afrika walikubali wakaaji wachangie gharama, kituo cha kwetu kinaishi kwa pesa ya mgonjwa. Muuguzi ambaye hajapata mshahara wa Leta kwa miezi anaishi kwa pesa ile ile. Ukimletea mzee na barua ya padri au ya shehe, atakuheshimu, kisha atakuuliza nani analipa na lini. Nchi yetu ina sheria ya mutueli, sheria ya kiorgania namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017. Mutueli iliyoandikishwa ina wanachama, mkutano mkuu, hesabu, na inaweza kufanya mkataba na kituo. Kasa ya ndani ya sanduku la sakristia haina hayo. Siku paroko akihamishwa, au imamu akifariki, ni nani atakayejua nani alilipa nini?

Na Leta?

Wapo watakaosema ninapoteza wakati, kazi hii ni ya Leta. Wana haki. Kila tunapounda kasa vizuri, kuna hatari Leta ilale usingizi zaidi, iseme watu wa Maniema wanajitegemea. Afya kwa wote imetangazwa, na mwaka 2023 serikali ilianza na uzazi wa bure, ikianzia Kinshasa. Ni mwanzo mzuri. Tena utaona ni yale yale: mama na mtoto mchanga kwanza. Zanzibar, tangu mwaka 2016, kila mzee wa miaka 70 na zaidi amekuwa akipewa pensheni na serikali, awe alikuwa mfanyakazi au mkulima. Tanzania bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, inayotaja matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, ingawa wazee wenyewe wanalalamika kwamba wanaonwa bure na dawa hawazipati. Mapungufu yapo, lakini mzee ametajwa kwa jina katika karatasi ya serikali, na aliyetajwa anaweza kudai.

Kwa hiyo sikubali kasa ya dini iwe mahali pa Leta. Nakubali iwe daraja, na iwe ushahidi. Watu walioandikishwa, wanaojua hesabu zao, wanaweza kwenda kwa mbunge wa Kasongo au wa Kabambare na kusema: sisi tumelipa sehemu yetu, hii hapa daftari, yenu iko wapi? Mtu asiye na daftari anabaki kuomba.

Ningependa ianze namna hii

Sitaki kumaliza kwa kubomoa tu. Kama wazo hili litaletwa tena mkutanoni, naomba tuliboreshe hivi.

Tuandikishe nyumba nzima, na nyumba ihesabiwe pamoja na watoto walioondoka. Kijana anayechimba dhahabu upande wa Namoya na Salamabila, yule wa Kindu, yule wa Lubumbashi, wote ni wa ua ule. Mama mjane anayeishi peke yake asihesabiwe kama familia ya mtu mmoja maskini, wakati ana watoto watano wanaotuma pesa za matanga bila kuombwa mara mbili.

Tulipe wakati wa mavuno ya mpunga na karanga, kama Bwamanda walivyofuata mavuno yao. Mchango wa kila mwezi ni wa mtu wa mshahara. Mkulima ana mwezi wa pesa na miezi ya njaa.

Tuanze na kidonge. Mwaka wa kwanza kasa isiahidi operasheni wala Kindu wala Bukavu. Ifanye mkataba na kituo cha karibu: kila mzee aliyeandikishwa apimwe tansio na sukari, na apate dawa zake za mwezi bila kutoa pesa mlangoni. Pesa ilipwe kituoni mapema, igeuke dawa. Katika eneo letu sanduku lenye franka ni mwaliko kwa wenye silaha, na dawa zilizokwisha kugawanywa hakuna wa kuziiba.

Dini zichukue sehemu inayozifaa kabisa, ile ya kuwalipia wasio na mtu. Sadaka ya Jumapili moja, sehemu ya zaka, mavuno ya shamba la parokia: vilipe mchango wa wazee ambao hawana ua. Lakini orodha yao isitoke kwa kiongozi mmoja wa dini. Itoke kwa komite ya kijiji, ambamo Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu na asiyesali kokote wanakaa pamoja, wanawake wakiwemo. Jina la mzee lisifutwe kwa sababu ya ndoa yake wala kwa neno la nabii.

Na hesabu zisomwe kwa sauti. Kila miezi mitatu, baada ya misa na baada ya swala ya Ijumaa: kiasi hiki kiliingia, kiasi hiki kilitoka, wazee hawa walihudumiwa. Likelemba za mama zetu sokoni zinadumu miaka kwa sababu kila mtu anajua zamu ni ya nani. Hazina diplome, zina macho ya watu wote.

Hapo ndipo tunapoingia sisi. Shirika letu limejaa watu waliosoma afya ya umma, uchumi, sheria, uuguzi, habari za kompyuta. Tunatoa kadi za mwaliko wa kolasio nzuri sana. Je, kuna hata mmoja wetu aliyekwisha kuhesabu ni wazee wangapi wa Wamaza wana tansio, na dawa yao ya mwezi inauzwa bei gani katika kila kituo? Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, kipimo cha tansio, vijana kumi na mwezi mmoja wa likizo. Tukiwa na hesabu hiyo, tunaweza kwenda kwa baba askofu, kwa COMICO, kwa jumuiya za Kiprotestanti na kwa munganga mkuu wa zoni tukiwa na kitu mkononi. Bila hesabu hiyo tutasimama tena, tutasema maneno mazuri, tutapigiwa makofi.

Napendekeza kazi ya kuhesabu iwekwe katika ajenda ya mkutano wetu ujao, iwe nukta ya kwanza, kabla ya mambo ya sherehe. Atakayekuwa na namna bora kuliko hii ailete, nitamsikiliza. Lakini aje na namba, na aseme katika kijiji chake ni nani aliyemeza dawa leo asubuhi na nani ambaye hakumeza.